Nitashuka kwa Lifti

Jumatatu, 4 Machi 2019

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema utakoma lini. Alisema tu niweke mambo yangu sawa. Mambo yangu ni machache: vitabu vya jiografia, suti moja, na lifti.

Nitaeleza lifti. Naandika haya ili Mwatumu, mtoto wa dada yangu, ayakute nikishaondoka. Ayasome peke yake. Asiwasomee watu wa jengo. Kuna mambo nimeyafanya na nitayafanya, na ningependa yajulikane nikiwa mahali ambapo hakuna wa kunifokea.

Naishi ghorofa ya sita, Joubert Park, Johannesburg. Mke wangu ndiye aliyeichagua nyumba hii, kwa sababu ya jua la asubuhi. Alikuwa Mzulu, mkimbizi wa siasa aliyehifadhiwa Morogoro, nilikokuwa nikifundisha. Uhuru ulipofika kwao alirudi, nami nikamfuata. Siku yake ilipofika aliteremka kwa miguu yake kwenda hospitali, akafia huko. Hakupata taabu.

Aliyepata taabu ni jirani yangu François. Alifia kitandani, ghorofa ya tano, mwezi uliopita. Ngazi zetu ni nyembamba. Kila kona iliwabidi wabebaji walisimamishe jeneza wima, wapumue, waligeuze. Nilikuwa nyuma yao. Kila liliposimama nilimsikia François akiteleza ndani, mpaka miguu ikagonga ubao. Kisha kimya. Kama mtu aliyepanga foleni na kukata tamaa.

Mimi sitasimamishwa wima! Nimefundisha chuo. Nitashuka kwa lifti, nimelala.

Tatizo moja tu. Lifti haina mota. Mwenyekiti wetu wa zamani, Rajab, alianza kuitengeneza kwa fedha za jengo. Akaanzia kioo. Kisha zulia. Kisha milango mipya na vitufe vya kung'aa. Mota ilikuwa ifuate. Rajab akarudi Tanga. Tumerithi chumba kizuri kuliko vyote vya jengo hili, kimekwama ghorofa ya chini, hakiendi popote.

Mwenye jengo alitoweka zamani. Tunajitawala wenyewe, kwa Baraza. Jumamosi Baraza litaamua mfuko wa mwaka huu utumike kwa nini. Léocadie, mshonaji kutoka Bukavu, mweka hazina wetu, anataka tangi la maji juu ya paa. Eti maji yanakatika kila wiki. Yanakatika, ni kweli. Lakini maiti huoshwa mara moja tu.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata njia. Usiku kucha nilipanga hoja za kiuchumi. Asubuhi nikazitupa. Watu wa jengo hili hawaogopi hoja. Wanaogopa wafu.

Nikateremka polepole mpaka ghorofa ya kwanza, kwa Thierry, msusi, mjumbe wa Baraza. Nikamwomba anipunguze nywele zilizobaki. Nikiwa chini ya shuka lake nikamwambia siri. Kwamba zamani za Wazungu jengo hili lilikuwa na mhudumu wa lifti, mtu wa sare. Kwamba alifia kazini. Kwamba hajatulia kwa sababu lifti haitembei, na wafu wa namna hiyo hutulia wakirudishiwa kazi yao. Kwa hiyo, mota.

Mkasi ukasimama. Thierry akaniuliza mtu huyo aliitwa nani.

Nilikuwa sijafikiria jina. Nikasema André. Lilinitoka lenyewe, kama lilikuwa limekaa mdomoni tangu jana.

Thierry aliapa hatamwambia mtu. Kabla sijafika ghorofa ya nne, mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo ya barabara, alikuwa ameshanipigia simu kuuliza kama André anasema Kifaransa.

Alasiri nikaongeza chumvi. Mlango wa lifti wa ghorofa yetu haufungi vizuri, pana uwazi wa kupitisha mkono. Nikafunga mfuniko wa sufuria kwenye kamba ya nguo, nikaushusha shimoni. Ko. Ko. Ko. Nikasikiliza. Chini yangu milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine, ghorofa kwa ghorofa. Raha iliyoje! Nilikula mkate mzima.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika hili kwa utaratibu, maana mimi ni mtu wa elimu.

Nilishusha mfuniko tena, baada ya chakula cha mchana. Korido zetu hazina madirisha. Kukiwa na mgao wa umeme huwa giza hata jua likiwa utosini, na leo umeme ulikuwa umekatwa. Nikagonga. Ko. Ko. Ko. Nikanyamaza.

Kutoka chini ikajibu. Ko.

Nikajiambia ni mwangwi. Mwangwi haujibu mara moja kwa kugongwa mara tatu, lakini sikutaka kuwa mkali. Kisha kamba ikavutwa. Si kwa nguvu. Ilivutwa kidogo, ikaachwa, ikavutwa, kama mtu anayepima kitambaa kwa vidole. Halafu ikawa nyepesi. Nikaivuta juu. Mfuniko haukuwepo. Ncha ya kamba ilikuwa imefungwa fundo dogo, zuri, lenye masikio mawili, kama la zawadi. Mimi hufunga mafundo ya kufungia mbuzi.

Panya. Panya wa Johannesburg ni wakubwa.

Baadaye akaja Nomsa wa ghorofa ya tatu. Huyu mama alikuwa mfanya usafi wa jengo hili enzi zile, wakati Waafrika wakilala kwenye vyumba vya juu ya paa. Ni mjumbe wa Baraza na hasemi ovyo. Akaniuliza kwa Kizulu, kwa sauti ya chini, nani aliniambia habari za André.

Nikasema hakuna.

Akasema ndivyo anavyoona yeye pia. Waliomjua wamebaki yeye tu, naye hajalitaja jina hilo tangu wamtoe ndani ya lifti. Alikuwa mpole, akasema. Alivaa glavu nyeupe hata wakati wa joto. Alitaja namba ya ghorofa kabla hamjafika. Siku walipomtoa mikono ilikuwa mitupu, na glavu hazikuonekana. Akaniuliza kama sasa anazo.

Nikasema sikumwona vizuri.

Nomsa akatikisa kichwa. Kama hana, basi bado anazitafuta. Kisha akaazima sukari, akaenda.

Pengine nililisikia jina hilo kwa marehemu mke wangu. Alikuwa akipenda kuzungumza na Nomsa. Pengine. Sikula mkate.

Jumamosi, 9 Machi

Baraza. Tulikutana kwa Papa Marcellin, mwenyekiti, nyumba yake ya ghorofa ya chini ambayo mlango wake unatazama barabara moja kwa moja. Marcellin ni mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa maduka, na huendesha vikao akiwa na sare ya kazi na redio ya kiunoni. Tulikuwa watano: yeye, Léocadie, Thierry, Nomsa, mimi.

Nilizungumza vizuri sana. Niliwaeleza wajibu wa kumaliza mradi tuliourithi. Niligusia, kwa huzuni ya kiasi, habari za mhudumu. Thierry alijifunga shuka la kusukia mabegani. Nikaona nimeshinda.

Léocadie akanishukuru. Kweli, akanishukuru! Akasema Mwalimu amefanya vema kutuonya kabla fedha haijatoka. Kisha akanigeukia na tabasamu lake la pini.

“Sasa Mwalimu, mutu amekufa, na weye unataka kumupa gari?”

Wakacheka. Kicheko kidogo, cha watu wanaotazama mlango. Naye akatoa hoja. Milango yote ya lifti izibwe kwa matofali, kuanzia chini. Kila nyumba itoe mchango wa ziada wa matofali. Mfuko wenyewe uende kwenye tangi. Nikanyoosha mkono kuomba kusema.

Marcellin akauhesabu. Hoja ikapita bila kupingwa.

Nimejipigia kura ya kushuka nimesimama. Na mchango wa matofali nimetakiwa kuwa wa kwanza kutoa, kwa heshima ya umri.

Jumanne, 12 Machi

Matofali yamefika. Yamepangwa mbele ya lifti, ghorofa ya chini. Fundi anasubiri saruji.

Nimelala chali siku nzima nikifikiri. Na hapo nikamkumbuka mke wangu alipomfuata kaka yake. Kaka alifia hospitali ya mbali. Kwao mtu akifia ugenini roho yake hubaki pale pale alipoangukia, mpaka wa kwao aende na tawi la mti wa miiba, ambao Wazulu huuita umlahlankosi. Huambiwa: simama, twende nyumbani. Tangu hapo anayebeba tawi huzungumza na marehemu tu. Humweleza kila hatua. Sasa tunapanda gari. Sasa tunavuka mto. Humlipia kiti chake. Kwa aliye hai hasemi neno mpaka wamefika, la sivyo marehemu ataachwa njiani. Nilikaa kwenye teksi ile nikiwa upande wa pili wa kiti kitupu. Nilikuwa nimefundisha ramani miaka yangu yote, na sikuthubutu kuweka hata kofia yangu pale.

Basi. André akiondolewa, matofali ya nini?

Jioni nikateremka kuwaambia wenzangu wa Baraza. Nomsa alikubali bila kutabasamu. Marcellin akasema eish, kama tawi litafanya kazi, matofali yatasubiri, maana hata yeye haoni raha kupita pale na sare. Léocadie ndiye aliyetaka kujua kanuni zote. Aliuliza kama mbebaji haruhusiwi kusema hata kidogo. Hata salamu? Nomsa akasema hata salamu. Nilifurahi kuona mwanamke yule anajifunza mila za watu.

Mbebaji lazima awe anayemfahamu marehemu, na Nomsa akasema aliyemwamsha ndiye amtoe. Wakanitazama mimi.

Tutampeleka makaburi ya zamani ya Braamfontein, kwa basi la mwendokasi, viti viwili. Niseme wazi hapa, kwa kuwa ndiyo maana naandika: sikuwa na nia ya kumwondoa mtu yeyote. Hakuna mtu. Nia yangu ni matofali.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwatumu alinunua tawi Marshalltown, kwa wauza dawa za miti. Lina miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwingine umejikunja nyuma. Asubuhi nikasimama mbele ya lifti, ghorofa ya sita, suti mwilini. Umeme ulikuwa umekatwa. Mwatumu nyuma yangu na tochi ya simu. Nikasema, nikiwa najisikia mjinga, kwamba André, mimi ni Ezekieli, simama, tunaondoka.

Tawi likawa zito.

Si uzito wa kitu. Ulikuwa uzito wa mtu anayeshika ncha ya pili kwa adabu, asikuchome.

Nikaanza kuteremka, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya. Nikamweleza, kama nilivyomsikia mke wangu akieleza. Hapa ni ngazi, André, shika ukuta. Hapa pana kipandio kilichovunjika. Hapa alikaa François, nadhani mmeonana. Hapa tunapumzika, moyo wangu mbovu. Na nilipopumzika alipumzika. Mwatumu aliniambia baadaye kwamba alisikia viatu vya soli ngumu kati yangu na yeye, na kwamba alizima tochi kwa sababu aliona afadhali giza.

Ajabu ni kwamba sikuogopa. Nilianza kumweleza hata mambo yasiyohusu safari. Nilimwambia kwamba mke wangu alipenda jua. Ni muda mrefu sijapata mtu wa kuteremka naye ngazi.

Ghorofa ya chini watu walikuwa wamejipanga ukutani, kimya, kofia mikononi. Mlango wa barabara ulikuwa wazi, mwanga ukiingia. Bado hatua chache. Léocadie alikuwa kwenye mlango wa chumba chake cha kushonea. Akainuka. Akafuta mikono kwenye aproni. Akapiga goti, kama mtoto wa kwetu aliyefunzwa akafunzika.

“Shikamoo, Mwalimu.”

Miaka yote niliyokaa naye jengo moja, mwanamke huyu hajawahi kuniambia neno hilo. Kwao husema jambo, basi. Alikwenda kulitafuta! Alijifunza hata goti! Na mimi nimelelewa Dodoma na mama aliyekuwa na fimbo. Shikamoo haiachwi hewani. Nikiwa jenezani, mtu akinipa shikamoo, kifuniko kitasogea.

“Marahaba, mwanangu,” nikasema. “Hujambo?”

Tawi likawa jepesi kama ufagio.

Nomsa akajifunika uso kwa blanketi lake. Akasema polepole kwamba nimemweka chini. Marcellin akauliza chini wapi. Nomsa akaelekeza macho. Wote tukatazama kizingiti cha Léocadie.

Léocadie alikuwa bado anacheka. Kicheko kikaendelea kidogo peke yake, kisha kikaona aibu, kikakoma.

Jumanne, 19 Machi

Léocadie amepanda mpaka kwangu. Ghorofa zote sita! Alikaa kwenye kiti cha mke wangu, akahema. Nilimkaribisha chai. Akasema hapana, akanywa.

Akanieleza akitazama sakafu. Jana, alipofungua chumba cha kushonea, alikuta glavu juu ya meza. Nyeupe, ya mkono wa kulia, imeshonwa kwa bitana ya gauni la harusi ya mteja wake. Leo asubuhi kitambaa cha mkono wa kushoto kilikuwa kimekatwa na kubandikwa pini, tayari kushonwa. Kufuli halikuguswa. Nikasema labda umeme ulirudi, cherehani ikajiwasha. Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyekosa hesabu nyepesi. Cherehani yake ni ya miguu.

Akaitoa glavu mfukoni, akaiweka mezani baina yetu. Mishono midogo mno, sawa kama chapa. Nilimwambia kwa haki kwamba mishono hii ni mizuri kuliko yake. Akakubali. Hapo ndipo nilipoogopa.

Sasa, Mwatumu, soma hapa vizuri. Nilitaka kumwambia kweli. Kwamba nilitunga. Kwamba sikumjua mtu huyo, nilitaka mota tu, na kwamba hata mimi sielewi ninachokiona. Alikuwa mama aliyechoka. Nilifungua mdomo. Kisha nikaikumbuka kura yake.

Nikamwambia kwamba André akipata glavu zote mbili atataka pa kufanyia kazi. Kama hana lifti, atabaki na cherehani.

Léocadie akamaliza chai. Akasema tangi linaweza kusubiri.

Alhamisi, 21 Machi

Sikukuu ya taifa. Kikao cha dharura kwa Marcellin. Nilishinda! Nimeshinda kila kitu!

Léocadie mwenyewe alitoa hoja. Mfuko wote uende kwenye mota, na mchango wa matofali uliobaki uongezwe humo. Tangi liahirishwe. Fundi wa lifti aitwe mara moja. Thierry akauliza maji je. Léocadie akamwambia anyamaze. Nilinyoosha mkono kwa uangalifu mkubwa, kiganja wazi, mahali ambapo Marcellin asingekosea. Wote watano. Nomsa aliunyoosha wa mwisho, akiwa ananitazama mimi, si mwenyekiti.

Nikapanda nyumbani nikiwa kama kijana. Yaani nilipumzika kila ghorofa, lakini kwa furaha. Umeme ulikuwa umekatwa tena tangu mchana, korido nyeusi tii. Nikapapasa ukuta. Nilipofika ghorofa ya sita niliona mwanga.

Lifti ilikuwa pale.

Haina mota. Hakuna umeme. Tangu Rajab aondoke haijawahi kutoka ghorofa ya chini, na nilikuwa nimeipita kule chini muda mfupi uliopita, nyuma ya matofali yake, au nilidhani nimeipita. Milango ilikuwa wazi. Vitufe vinang'aa. Juu ya zulia uliwekwa mfuniko wangu wa sufuria, umesuguliwa mpaka unaonyesha uso.

Nikasimama. Nikanusa dawa ya viatu. Na kwa sababu mimi ni mtu wa elimu, nikanyoosha fimbo yangu ndani nikaipima.

Mwatumu, sikuwahi kuipima. Nimepanga mwezi mzima, nimedanganya jengo zima, na sikuwahi kuipima. Ni ya watu wanne, wembamba. Jeneza haliingii likiwa limelala. Haliingii kabisa! Litaingia wima, na litasimama hivyo kutoka juu mpaka chini, bila hata kona ya kupumzikia, mlango umefungwa, na yeye pembeni yangu na glavu zake mbili.

Ndipo sauti ikasema, kwa upole, kwa Kiingereza cha zamani, kama mtu anayemwambia abiria kwamba amefika:

“Sita.”

Sikumwona mtu. Kwenye kioo nilijiona mimi na fimbo, na kando yangu nafasi ambayo mtu angesimama kama angekuwa ananisubiri na hana haraka.

Nikasema bado. Nilisema kwa Kiswahili, lakini alielewa. Milango ikafungwa taratibu, na mwanga ukashuka kwenye uwazi mpaka ukaisha.

Mfuniko aliuacha. Uko mlangoni kwangu. Sijaugusa.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekaa ndani jana yote nikifikiri, na nimeona kosa langu. Kosa halikuwa uongo. Kosa lilikuwa ghorofa.

Mtu akifia ghorofa ya chini hahitaji ngazi. Hahitaji lifti. Hatoki na André. Hutoka mlangoni, amelala, barabarani, gari linamsubiri. Na ghorofa ya chini, nyumba yenye mlango wa barabara ni moja. Kwa Papa Marcellin.

Kwa hiyo tubadilishane. Lakini mtu mwenye akili hatakubali kuhamia ghorofa ya sita kwa hiari, na anajua kule juu hupita André. Anahitaji sababu ya kuichukia ya chini. Nikavaa suti. Nikateremka.

Marcellin alikuwa peke yake, anapiga pasi sare. Nikaketi. Nikashusha sauti. Nikamwambia, kama rafiki, kwamba si André tu. Kwamba kuna mama ameonekana ndani ya nyumba hii hii, jikoni, akiwa amesimama. Kwamba mimi ni mzee, siogopi tena, ningeweza kuichukua nyumba hii kwa ajili yake, yeye akachukua ya kwangu yenye jua.

Pasi ikasimama juu ya kola. Akaniuliza mama huyo anaitwa nani.

Safari hii nilikuwa nimejitayarisha. Jina nililichagua tangu jana, la Kizungu, jina la mtu asiye wa hapa. Nikasema Hélène.

Marcellin akazima pasi. Akakaa chini, kwenye sakafu, mgongo ukutani, kama watu wanavyokaa matangani. Redio ya kiunoni ilikuwa inakoroma, akaizima pia.

Mama yake alikuwa anaitwa Hélène. Alifariki Lubumbashi, naye Marcellin akiwa hapa akihangaikia karatasi za ukaazi, hakuweza kwenda kumzika. Sisi sote tulichanga rambirambi. Sisi sote tulisema pole ya Mama Marcellin. Ndivyo kwao mwanamke anavyoitwa, kwa mwanawe. Jina lake hatukuwahi kulisikia.

Aliniangalia. Nilidhani atanipiga.

“Anavala nini, Papa Mwalimu?”

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema, mwanangu, nisamehe, nimelitunga, nilitaka mlango wako. Nilikuwa nimekaa naye uso kwa uso na hapakuwa na mtu mwingine. Nikasema kitenge. Kitenge cha kijani.

Akafunika uso kwa sare. Akasema ndiyo. Akasema ndicho walichomzikia.

Kisha akainuka, akanioshea kikombe, akanimiminia chai, akamimina na kikombe kingine, akakiweka jikoni mahali nilipokuwa nimeonyesha. Akasema nimemfanyia jambo ambalo mtu hawezi kulilipa. Akasema kuhama hapa sasa haiwezekani, hata wambomolee jengo. Alinisindikiza mpaka mwanzo wa ngazi, mkono wangu mkononi mwake. Jikoni nyuma yetu kijiko kilikuwa kinakoroga chai.

Nilipanda taratibu. Nilipumzika ghorofa ya kwanza, mbele ya mlango wa Thierry. Niliusikiliza moyo. Kisha nikatazama ngazi, kutoka pale mpaka chini. Ni fupi. Kona ni moja tu, na ni pana kuliko nilivyokumbuka. Jeneza likiinamishwa kidogo lingepita.

Kesho nitakwenda kwa Thierry kupunguzwa nywele. Jina nimeshalipata.